Wadaiwa wa Chang'ombe Wamekwenda Wapi?

Sentensi ninayoiogopa kuliko zote hapa mjini huanza na "ongezea tu hapo". Ongezea tu hapo pa kutafutia jina. Ongezea tu hapo nikibofya ijipange. Anayesema hivyo huwa ameshika soda, amekaa kwenye kiti kinachozunguka, na anaamini kabisa kwamba nitamaliza kabla soda haijaisha.

Kwa wasionifahamu, natengeneza programu za kompyuta za mezani. Ndiyo, bado zipo. Vijana wenye kila kitu chao kwenye simu hunitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimewahi kusikia habari za wingu. Nimezisikia. Lakini nenda Kariakoo, pita kwenye maduka ya jumla, chungulia nyuma ya kaunta. Utakuta kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, printa ya risiti, na programu iliyowekwa ndani ya mashine yenyewe, kwa sababu bando likiisha au mtandao ukigoma, foleni ya wateja haigomi. Hapo ndipo ninapopatia ugali wangu, kwa kutumia WPF, kiunzi cha Microsoft kilichotoka mwaka 2006 na ambacho kila baada ya muda mtu hujitokeza kutangaza kwamba kimekufa. Matanga yake yamekaliwa mara nyingi. Maiti bado anachapa kazi.

Basi mzee mwenye duka moja la jumla akaniita. "Kijana, orodha ya wadaiwa nimeiona, safi. Sasa nataka niwe naona wa Chang'ombe peke yao, na mwenye deni kubwa akae juu. Ongezea tu hapo."

Kuchuja na kupanga. Kila kimoja ukikichukua peke yake kina adabu zake. Viweke pamoja juu ya orodha iliyofungwa kwenye data, ndipo utakapojua kwa nini mafundi wa programu tunaota mvi mapema.

Niwaeleze taratibu, kwa kuwa mzee hakunipa nafasi ya kumweleza. Zamani ukitaka majina yatokee kwenye jedwali la skrini, ulikuwa unayajaza mwenyewe, mstari kwa mstari. Siku hizi unaliambia jedwali: huu hapa mkusanyiko wa wateja, kaa nao. Mteja akiongezwa kwenye mkusanyiko anajitokeza mwenyewe kwenye skrini, akiondolewa anatoweka. Ni raha tupu. Ila kati ya mkusanyiko na skrini amesimama mtu wa tatu ambaye hakuna aliyekutambulisha kwake, anaitwa mwonekano. Yeye ndiye anayejua nani aonyeshwe na nani afichwe, nani atangulie na nani afuate. Mkusanyiko wenyewe haujaguswa, wateja wote wamo, kwa mpangilio uleule walioingia nao. Mwonekano ndio unaochuja na kupanga.

Wazo zuri, sikatai. Ugomvi wangu ni kwamba WPF hukuumbia huo mwonekano kimyakimya, na hukuumbia mmoja tu kwa kila mkusanyiko. Jedwali la wadaiwa kwenye dirisha kuu linautumia. Kisanduku cha kuchagua mteja kwenye dirisha la ankara nacho, kikifungwa kwenye mkusanyiko uleule, kinautumia huohuo. Ni kama runinga ya sebuleni: mmoja akibadilisha chaneli, nyumba nzima imebadilishiwa.

Mzee akachuja Chang'ombe kwenye mashine ya kaunta, akaridhika, akaliacha dirisha wazi, akaenda kuswali. Dada wa kaunta akafungua ankara mpya. Mbele yake kasimama mteja wa Tandika, mteja wa miaka nenda rudi. Anamtafuta kwenye kisanduku, hayumo. Wa Mbagala hawamo. Wa Kigamboni hawamo. Dunia nzima imebaki Chang'ombe. Dada yule hana makuu, akafanya alichofundishwa: mteja asipokuwemo, msajili. Hadi jioni nusu ya wateja wa kusini mwa jiji walikuwa na akaunti mbili mbili, moja ina deni na nyingine nyeupe pe. Mteja akiulizwa ipi ni yake, unadhani anachagua ipi?

Dawa ipo na si ngumu: kila dirisha liumbiwe mwonekano wake, ListCollectionView yake, juu ya mkusanyiko uleule mmoja. Mistari miwili ya msimbo. Lakini mpaka mtu aijue hiyo mistari miwili, duka limeshapata wateja pacha.

Tukaendelea. Mzee sasa akataka pia kisanduku cha kutafutia jina. Juu ya kuchagua eneo, aweze kuandika herufi tatu na orodha ipungue. Hapa ndipo utakapokutana na ubahili wa WPF. Mwonekano una nafasi moja tu ya kichujio. Moja! Ukiwa na kisanduku cha eneo kinachoweka kichujio chake, na kisanduku cha jina kinachoweka cha kwake, wa mwisho kuweka ndiye anayebaki. Mzee anachagua Chang'ombe, anaona watu wa Chang'ombe. Anaandika "Mus", akina Mussa wa mji mzima wanamwagika kwenye skrini, mpaka wa Bunju. Kumbe alitaka Mussa wa Chang'ombe tu. Kwa hiyo inabidi uandike kichujio kimoja kinachouliza maswali yote kwa mpigo: eneo limekubali? jina limekubali? deni lipo? Kila kisanduku kikiguswa, kichujio kilekile kinaitwa upya.

Wapo wanaopitia njia nyingine, ya CollectionViewSource, ambapo kuchuja ni tukio na unaweza kuning'iniza wasikilizaji kadhaa. Inavutia, lakini ina mtego wake. Mstari huingia ukiwa umeshakubaliwa, kisha kila msikilizaji anapewa nafasi ya kutoa neno. Sharti lisiloandikwa kwa wino mzito popote ni kwamba msikilizaji anaruhusiwa kusema hapana, au kunyamaza. Asiseme ndiyo kamwe. Akisema ndiyo, amefuta hapana ya mwenzake aliyemtangulia, na akina Mussa wa Bunju wanarudi.

Nikadhani tumemalizana. Mhasibu akanivuta pembeni. Yeye ana programu yake ya zamani, ya Windows Forms, iliyotengenezwa na fundi mwingine ambaye sasa hapokei simu. Huko data inakaa kwenye DataTable, na kichujio ni sentensi unayoiandika kama maneno: eneo liwe sawa na, halafu jina la eneo katikati ya alama mbili za mkato mmoja. Ilala inafanya kazi. Temeke inafanya kazi. Buguruni, Keko, Mtoni, zote shwari. Chagua Chang'ombe, programu inaanguka kifudifudi, na kwenye kisanduku chekundu cha kosa inalalamika kwamba kuna kitu kimepungua baada ya "ombe".

Mhasibu ananiuliza, "Ombe ni nini?"

Ombe ni mkia wa Chang'ombe. Mashine imeona ule mkato katikati ya jina, ikadhani sentensi imefika mwisho, kisha ikashangaa hii "ombe" inatafuta nini huku nje. Waliobuni utaratibu ule hawakuwa na mtaa wenye ng' ndani yake. Sisi tunazo tele. Zanzibar kuna Ng'ambo, Kenya kuna akina Ng'ang'a wasiohesabika, na duka la nyama likitaka kuchuja ng'ombe litajuta. Dawa yake ni kuudurufu ule mkato, uandikwe mara mbili ndani ya sentensi, mashine itaelewa kwamba ni sehemu ya jina. Fundi aliyenitangulia hakujua, au alijua akawa anakaa Masaki.

Na usifikiri ukihama na DataTable yako kwenda WPF umeukimbia mkato. WPF ikiona data ya aina hiyo inakupa mwonekano wa aina nyingine, ambao ule mlango wa kichujio cha kawaida umefungwa, na pembeni kuna kidirisha cha kupitishia sentensi ileile ya zamani. Ombe anakufuata mpaka nyumba mpya.

Sasa kupanga. Kupanga ndiko watu hudhani hakuna neno, bofya kichwa cha safu, mshale unatokea, kwisha. Mhasibu alibofya safu ya deni ili wakubwa waje juu. Juu kabisa akaja bwana mmoja anayedaiwa Sh 95,000. Mhasibu akampigia simu kwa ile sauti yake ya mahakamani, akamwambia yeye ndiye mdaiwa sugu namba moja wa duka zima. Yule bwana alifadhaika, nasikia alikuja na bodaboda siku hiyohiyo kulipa. Mwenye Sh 1,200,000 alikuwa amekaa mwisho wa orodha, kimya, chini hata ya mwenye Sh 10,500.

Sababu? Safu ile ilikuwa imefungwa kwenye maandishi, si kwenye namba. Ilipendeza macho, ina "Sh" yake na mikato yake ya maelfu, lakini kwa maandishi tisa ni kubwa kuliko moja, na habari imeishia hapo. Mashine haihesabu sufuri ngapi zinafuata, inatazama herufi ya kwanza inayotofautiana. WPF angalau ina mahali kwenye safu pa kusema: onyesha hiki, lakini ukipanga tumia kile. Panaitwa SortMemberPath. Pachache sana duniani pametelekezwa kama hapo.

Kuna na jambo la mwendo. Mzee ana ankara kama 40,000 tangu aanze. Kuzipanga zote ni kulinganisha mara laki sita hivi. Ukichuja kwanza ukabaki na 300 za Chang'ombe, kuzipanga ni kulinganisha mara elfu mbili na mia tano hivi. Kwa bahati WPF hapa ina akili: huchuja kwanza, kisha hupanga kilichobaki. Ila kila unapogusa kitu inaanza upya. Futa mpangilio wa zamani, inaanza upya. Weka wa deni, inaanza upya. Ongeza wa jina ili wanaolingana deni wafuatane kwa alfabeti, inaanza upya tena. Skrini inapepesa macho, mzee anauliza kama mashine ina virusi. Kuna namna ya kuiambia isubiri mpaka umalize maagizo yote, DeferRefresh, na asiyeitumia namhesabu kuwa mkatili.

Kuhusu hilo la kupanga kwa deni kisha kwa jina, jedwali la WPF tayari linakubali: shikilia Shift halafu bofya kichwa cha safu ya pili. Kipo tangu mwanzo. Sijawahi kukutana na mtu yeyote, awe wa kaunta, wa ofisini au fundi, aliyekigundua bila kuambiwa.

Lakini yote hayo ni cha mtoto ukilinganisha na siku aliyolipa mteja mmoja, muuza pembejeo. Alikuja na bahasha, akamaliza deni lake lote, shilingi kwa shilingi. Dada wa kaunta alikuwa ametega orodha yake inavyopaswa, kichujio "wanaodaiwa tu", mpangilio wa deni kubwa juu. Akaingia kwenye kisanduku cha deni lililobaki, akafuta, akaandika sufuri, akabonyeza Enter. Mstari ukatoweka.

"Mungu wangu, nimemfuta!"

Mteja akainua shingo juu ya kaunta. "Umefuta nini?"

"Wewe. Umefutika."

"Kwa hiyo sidaiwi?"

"Hudaiwi, lakini haupo."

Programu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa kabisa. Unapomaliza kuhariri mstari, mwonekano huukagua upya: bado unastahili kuwemo? Kama unastahili, unakaa wapi? Aliyemaliza deni hastahili kuwemo kwenye orodha ya wanaodaiwa, basi ametolewa. Na hata angelipa nusu, angeruka kutoka juu hadi katikati, na dada angebaki akitazama jina la mtu mwingine mahali palepale. Kweli ni sahihi. Lakini usahihi unaompokonya mtu mstari mkononi mwake wakati mteja anamtazama si wa kujivunia.

Halafu shangaa na hili. Malipo yaleyale yakipitia kwenye dirisha lingine, lile la risiti, badala ya kuandikwa ndani ya jedwali, hakuna kinachosogea. Deni linasomeka sufuri, na mtu bado ameketi kileleni mwa orodha ya wanaodaiwa kama mwenyekiti. Mwonekano haukuambiwa uangalie tena. Microsoft walilisikia hilo, na mwaka 2012, kwenye toleo la 4.5 la .NET, wakaleta kupanga na kuchuja kwa papo hapo. Unataja sifa zipi zichungwe, nao mwonekano unazichunga. Nikaiwasha kwa majaribio. Kwenye duka lenye mashine kadhaa zinazoingiza malipo, orodha ikawa haitulii hata dakika: unataka kubofya mtu, ameshahama. Nimeizima, na yeyote atakayeniomba niiwashe nitamtaka kwanza akae kwenye kile kiti cha kaunta Jumamosi moja asubuhi.

Nikaweka saa badala yake, iwe inaamsha mwonekano kila baada ya muda kidogo. Nayo ina masharti: ikiamsha wakati dada yuko katikati ya kuhariri, WPF inapandisha kosa na kusema kuhuisha hakuruhusiwi wakati wa kuhariri. Yenyewe imejua kwamba anahariri. Ingeweza kungoja. Imechagua kupiga kelele.

Msidhani ni WPF peke yake. Walio kwenye Java wana hadithi zao. Swing ilipata kipangaji na kichujio cha jedwali katika Java 6, na tangu hapo mafundi wamekuwa wakifuta mstari wa tatu wa kwenye skrini na kumbe wamefuta wa tatu wa kwenye data, kwa sababu baada ya kupanga hao ni watu wawili tofauti na ni lazima uombe namba itafsiriwe. JavaFX nayo inataka uvalishe kwa mpangilio: orodha ndani ya kichujio, kichujio ndani ya kipangaji, kipangaji ndicho kiende kwenye jedwali. Ukiishia kwenye kichujio, mtu anabofya kichwa cha safu mpaka kucha zinakatika. Walioandika UWP ya Windows 10 wakaona shida yote ya nini, wakautoa mwonekano bila kupanga wala kuchuja, kila mtu ajitafutie. Karibu niwapongeze kwa ukweli wao.

Mzee hayo yote hayamhusu. Yeye ana silaha moja, nayo huitoa kila tunapobishana bei: "Mbona Excel inafanya?" Excel inafanya, mzee wangu. Tena kuna jambo moja inalifanya ambalo wengi wetu mafundi hatulifanyi: ukichuja, namba za mistari upande wa kushoto zinageuka bluu, na chini inakuandikia umepata mistari mingapi kati ya mingapi. Inakuambia waziwazi kwamba unachokiona si vyote. Hilo nimeliiba bila aibu. Chini ya orodha ya mzee sasa pameandikwa kwa herufi nene: "Wanaonekana 14 kati ya 2,316."

Siku ya kwanza alipoisoma alinipigia simu usiku. "Kijana, hao wengine 2,302 umewapeleka wapi?"

Nikamweleza wapo. Akataka kujua wapo wapi. Nikamwambia wamefichwa tu, mwonekano hauwaonyeshi. Akanyamaza kidogo, nikasikia anafikiri, na mzee akianza kufikiri mimi hutafuta kalkuleta.

"Kumbe mtu anaweza kufichwa bila kufutwa?"

"Anaweza, mzee."

"Basi sikiliza. Shemeji zangu wote waliokopa hapo dukani, sitaki vijana wa kaunta wawaone. Aibu. Wafiche. Lakini jumla ya madeni pale chini iwahesabu, maana pesa zangu nazitaka. Na siku nikifungua mimi mwenyewe, wote wawe juu, kwa kufuata nani amenidharau zaidi."

"Dharau tunaipimaje, mzee?"

"Hiyo nitakutajia mimi, mmoja mmoja. Wewe ongezea tu hapo."